Kutoka Mpanda hadi Karema Kutafuta Jina

Msomaji mpendwa, ukimwambia mtu wa Dar es Salaam au wa Moshi kwamba unatoka Mpanda, atakuuliza mambo mawili. La kwanza ni viboko. Amesikia, au ameona katika picha, jinsi wanavyosongamana kwenye vidimbwi vya mto Katuma wakati wa kiangazi, mgongo juu ya mgongo. La pili ni umbali: "Huko mnafikaje?" Baada ya hayo mazungumzo huisha.

Leo sitaki kukueleza habari za viboko, ingawa Hifadhi ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, ina kilomita za mraba 4,471 nayo ni fahari yetu. Nataka kukueleza safari moja fupi niliyoifanya kutoka Mpanda mjini hadi Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kwa ajili ya jina la bibi mmoja. Safari hiyo ilinifundisha juu ya kazi yangu jambo ambalo chuoni sikufundishwa.

Mimi ni karani wa parokia. Naandika ubatizo, ndoa na vifo, natoa vyeti, napokea michango, tena ndimi ninayechapa matangazo ya Jumapili. Sikuikusudia kazi hii. Ili unielewe, sharti nianze nyuma kidogo.

SIKU YA TRENI

Nilikulia karibu na stesheni. Baba yangu alikuwa kibarua wa kutengeneza njia ya reli. Mama aliuza karanga na mayai ya kuchemsha kwa abiria, nasi watoto tulimsaidia kubeba. Kwetu siku ya treni ilikuwa siku kubwa kuliko Jumapili. Mji mzima ulisogea stesheni: wenye magunia ya mahindi, wenye madumu ya asali kutoka Inyonga, wenye kusafiri, wenye kusindikiza, na wengi wasio na shughuli yoyote.

Wakati huo sikujua kwamba reli ile haikujengwa kwa ajili yetu. Katika miaka ya 1930 yaligunduliwa madini ya risasi karibu na Mpanda, pamoja na shaba, fedha na dhahabu kidogo. Kampuni ya Uruwira Minerals ikachimba, na ili mzigo ufike bandarini Dar es Salaam, ikajengwa njia ya kilomita 210 hivi kutoka Kaliua, ikipita katika pori la miombo na kuvuka mto Ugalla. Ikafunguliwa mwaka 1950. Watu wakaja kutoka pande zote kutafuta kazi. Lakini miaka ya 1960 ilipoanza, mgodi ule ulikuwa umekwisha kufungwa. Wengine wakarudi makwao. Wengine walikuwa wamekwisha kuoa na kujenga, wakabaki. Treni nayo ikabaki, ikabeba mahindi, asali na watu.

Sisi watoto tuliona jambo moja tu, yaani kwamba aliyefanikiwa ni yule aliyepanda. Kijana aliyefaulu mtihani alipanda. Aliyepata kazi alipanda. Waliobaki chini wakipunga mikono ndio waliobaki. Basi kwa akili zetu kukua kulikuwa na maana ya kusubiri zamu yako ya kupanda.

Zamu yangu ilifika. Nilichaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Baba alininunulia sanduku la bati, akaandika jina langu juu yake kwa rangi nyeupe, herufi moja moja, akiangalia cheti changu cha shule asije akakosea. Mama akanitilia mayai ambayo siku hiyo hakuyauza.

Nikamaliza mwaka 2015. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza chuo, kisha wakingoja orodha ya kupangiwa vituo, na orodha ikitoka kila mtu akatafuta jina lake. Nasi tukangoja. Wachache walipangiwa, wengi tukabaki. Kila orodha ilipotoka nilisoma toka juu hadi chini, kisha toka chini hadi juu, kana kwamba jina langu lingeona haya likajitokeza. Nilifundisha kwa kujitolea, nikalima mpunga, nikabeba magunia stesheni pale pale alipouzia mama. Mwaka 2018 karani mzee wa parokia yetu akastaafu, paroko akaniita. Nikakubali, nikijisemea ni kazi ya kungojea.

Msomaji wangu, kungojea huko kumekuwa miaka. Nimeoa, nina watoto wawili, mke wangu anashona nguo, nasi tunakula. Lakini mwenzangu mmoja wa chuo alinipigia simu hivi karibuni, akauliza huku akicheka: "Mwalimu, bado unaandika majina ya watoto wa wenzio?" Nilicheka pia. Simu ilipokatika nilikaa kitambo bila kushika kalamu.

BIBI ASIYEJUA MWAKA WAKE

Juma lile lile akaja ofisini bibi mmoja akiongozwa na mjukuu wake. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, baba," akakaa, akaeleza shida yake.

Alikuwa amekwenda kuomba kitambulisho cha taifa. Akaulizwa kwa heshima alizaliwa wapi, na kama ana hati yoyote. Alizaliwa Karema, lakini hati hana. Nduguze wote wamekwisha kufa. Tena mume wake, naye marehemu, alikuwa mtu wa Burundi.

Hapa sharti nikueleze kidogo, kwa kuwa pengine huko uliko jambo hili si la kawaida. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji Burundi wakaingia nchini kwetu. Mwaka 1973 lilifunguliwa makazi ya Katumba, kwenye njia ile ile ya reli, na miaka mitano baadaye Mishamo. Walipewa mashamba porini, wakafyeka, wakalima, wakajilisha wenyewe na kutulisha nasi wa mjini. Nilisoma na watoto wa Katumba. Wamezaliwa hapa, wamekulia hapa, lakini walikuwa wakimbizi kwa sababu baba zao walikuwa wakimbizi. Mwaka 2014 Serikali ikatoa uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo ya zamani. Mwenzangu mmoja wa darasani alinionyesha hati yake siku hiyo. Alikuwa ameifunika kwa nailoni mara mbili, naye hakutaka niishike.

Basi bibi huyu aliolewa Katumba. Akakaa huko, akazaa huko, lugha ya huko akaisema. Mume alikufa kabla ya hati hizo kutolewa. Yeye hakuandikwa pamoja na wale waliopewa uraia, kwa kuwa alijua ni mzaliwa wa hapa, na mzaliwa haombi uraia. Lakini sasa, amekwisha kuwa mzee, hana karatasi ya upande huu wala ya upande ule.

Akaniambia, "Karani, mimi si mgeni. Lakini nitamwonyesha nani?"

Nikamwuliza mwaka wa kuzaliwa. Hakuujua. Cheti cha ndoa? Kilikuwako, kikaungua pamoja na nyumba. Kitabu cha ndoa cha parokia alikofungia ndoa? Nilikwisha kuulizia siku zilizopita kwa shida ya mtu mwingine. Kitabu cha miaka ile kililiwa na mchwa. Nikakumbuka wazee wetu hawahesabu kwa tarakimu, huhesabu kwa mambo yaliyotokea. Nikamwuliza, "Bibi, ulipozaliwa, treni ilikuwa imekwisha kufika Mpanda?"

Akafikiri. "Mjomba wangu alikwenda kufanya kazi ya reli. Mama alisema, aliporudi na kusimulia kwamba treni imefika, mimi nilikuwa tumboni."

"Na Mzee Atiman alipokufa?"

"Ah! Hapo nilikuwa na akili. Nilibeba kibuyu kidogo cha maji. Watu wote walilia. Nikadhani amekufa baba wa kila mtu."

Treni, mwaka 1950. Atiman, mwaka 1956. Nikaandika kwenye karatasi: tafuta toka 1950 hadi 1952.

NJIANI

Ningeweza kupiga simu Karema. Lakini bila tarehe ni vigumu kumwomba mtu mwingine apekue kurasa zote hizo, tena paroko alikuwa na barua za kupeleka. Akanipa ruhusa ya siku tatu.

Tuliondoka asubuhi kwa gari dogo la abiria, kuku wawili chini ya kiti changu na gunia la viatu vya mitumba juu ya magoti ya jirani. Siku hizi kutoka Tabora hadi Mpanda kuna lami, na mtu anayefika kwa lami hiyo hudhani amekwisha kuijua nchi yetu. Ya kwenda ziwani ni njia nyingine, zaidi ya kilomita mia moja za milima na mabonde. Miombo ilikuwa imeanza kuchipua majani mekundu, kama ifanyavyo kabla ya mvua. Tulipita mizinga ya magome iliyotundikwa juu ya miti, tukapita kundi kubwa la ng'ombe na vijana wa Kisukuma wenye fimbo mabegani, tukapita tanuru za mkaa zikifuka moshi. Jirani yangu, mama mnunuzi wa migebuka, alinihesabia miti ya mninga iliyokuwapo alipokuwa msichana na ambayo sasa haipo. "Zamani tuliogopa msitu," akasema, "sasa msitu ndio unaotuogopa sisi."

Nami nilihesabu mambo yangu. Nilizaliwa Mkoa wa Rukwa, Jimbo la Sumbawanga. Jimbo la Mpanda likaanzishwa mwaka 2000, Mkoa wa Katavi ukaanzishwa mwaka 2012. Mimi sikuhama hata nyumba, lakini cheti changu kinasema nilizaliwa mkoa mmoja na barua ya kijiji inasema naishi mkoa mwingine. Ikiwa mimi kijana nahitaji kueleza hayo kila nijazapo fomu, bibi yule ataeleza mara ngapi?

Mchana tukaliona ziwa, la buluu, na ng'ambo milima ya Kongo kama moshi.

KAREMA

Karema ni mahali pa kale. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga ngome hapa, karibu sana na maji. Mwaka 1885 wakawaachia Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe. Tangu hapo ziwa limerudi nyuma, hata leo sharti utembee kidogo kutoka misioni ndipo ulowanishe miguu.

Kabla ya kwenda ofisini nilisimama kwenye kaburi la Adrian Atiman. Wengi wa wasomaji wamekwisha kulisikia jina hilo, lakini vijana pengine hawalijui. Alizaliwa mnamo mwaka 1866 katika nchi ambayo leo ni Mali. Alipokuwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwani hadi Algeria, na huko mapadre wakamkomboa. Akapelekwa kisiwani Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 akafika Karema akiwa mganga na katekista, akaoa hapa, akatibu watu hapa mpaka alipokufa mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67 mahali pamoja.

Nilisimama pale nikawaza yale ya stesheni. Huyu alisafiri kuliko sisi sote, wala hakuchagua safari yake hata moja. Alinyang'anywa nchi yake na watu wake. Lakini aliposhushwa mahali hapa, hakukaa kama mtu anayengoja gari jingine. Sisemi tuyasifu yale aliyotendewa; yalikuwa maovu. Nasema tu kwamba niliona haya kidogo, mimi ninayekaa mjini kwetu kama abiria.

Karani wa huko alinipokea vizuri, akanifungulia kabati. Vitabu vya miaka ile vimeandikwa Kilatini, kwa kalamu ya kuchovya, na wino umekuwa rangi ya kahawia. Katika kazi hii nimejifunza maneno machache ya Kilatini: amezaliwa, binti wa, mama wa ubatizo. Nikaanza na mwaka 1950. Kwa jina la ubatizo alilonipa bibi nilipata watoto sita, lakini wazazi wao si wa kwake. Nikaendelea. Jua likashuka, karani akawasha taa.

Katika mwaka 1951 nikampata mtoto wa saba. Jina la ubatizo ni lile lile. Jina la mama ni lile lile. Lakini jina la baba lilikuwa na R mahali ambapo bibi hutamka L, na mwisho wake herufi nyingine. Je, ni yeye? Padre mgeni aliyeandika pengine alisikia hivyo. Pengine ni mtoto wa mtu mwingine. Nikawaza: nikirudi na karatasi yenye jina lisilolingana, nitakuwa nimempa bibi mzigo mwingine.

Ndipo nikatazama pembeni mwa ukurasa.

Sharti ujue, msomaji, kwamba kwa desturi ya Kanisa mtu akifunga ndoa mahali popote, parokia iliyomfungisha ndoa hupeleka taarifa kwenye parokia alikobatizwa, nao huko huandika pembeni mwa jina lake. Ni kazi ndogo ambayo karani aliyechoka huiahirisha, na hakuna amwulizaye. Pembeni pale, kwa mwandiko mwingine na wino wa buluu, paliandikwa kwa Kiswahili: ameolewa mwaka 1976, Katumba, na jina la mume. Lilikuwa jina la yule marehemu, bila kukosea herufi.

Nilikaa nikiitazama mistari ile miwili. Mtu fulani, sijui nani, mwaka 1976, alimaliza kuandika ndoa nyingi za siku hiyo, akachukua karatasi nyingine, akaandika taarifa kwenda Karema. Mwingine aliipokea, akafungua kabati, akatafuta kitabu cha miaka ishirini na mitano nyuma, akaandika pembeni. Kitabu cha yule wa kwanza kimeliwa na mchwa. Cheti kimeungua. Wenye kushuhudia wamekufa. Kimebaki kipande hiki cha pembeni, nacho kinatosha kumwunganisha mtoto wa Karema na mjane wa Katumba. Wale makarani wawili hawakulipwa zaidi kwa hilo. Pengine nao rafiki zao waliwacheka.

KUSOMA KWA SAUTI

Nilirudi na cheti kilichotiwa sahihi na mhuri, pamoja na maelezo ya paroko juu ya tofauti ya jina la baba. Bibi akaja na mjukuu. Nilidhani atauliza kwanza kama kitafaa kwa kitambulisho. Hakuuliza. Akasema, "Nisomee."

Nikamsomea: siku ya kuzaliwa, siku ya kubatizwa, jina lake, jina la baba, jina la mama, jina la mama wa ubatizo.

"Nisomee tena jina la mama."

Nikalisoma.

Akanyamaza, kisha akasema, "Tangu dada yangu alipokufa sijamsikia mtu akilitamka jina hilo."

Mjukuu hakuwa amelijua kamwe. Akalirudia polepole, akaliandika katika simu yake. Cheti nimekwisha kukipeleka pamoja nao mahali panapohusika, kimepokelewa, nasi tunangoja jibu. Siwezi kukudanganya kwamba mambo yote yamekwisha. Lakini sasa bibi ana cha kuonyesha.

Na mimi? Bado napeleka maombi ya ualimu kila nafasi zinapotangazwa, kwa kuwa nina watoto, na ujuzi niliopewa sitaki uoze. Jina langu likitokea katika orodha, nitapanda. Lakini nimeacha kuandika kama mtu anayengoja. Juma lile niliporudi nilifungua droo ya chini, nikazitoa taarifa za ndoa ambazo sikuwa nimezipeleka kwenye parokia zinazohusika. Zilikuwa thelathini na moja. Ya zamani kuliko zote ilikuwa na miaka mitatu. Nazikiri mbele yako, msomaji, kwa aibu. Zote zimekwisha kwenda.

Basi nakuomba jambo moja, wewe unayesoma gazeti hili nyumbani pamoja na jamaa yako. Usiku huu toa vyeti vya watoto, viweke mezani, uone kama jina limeandikwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo na cha shule. Herufi moja ni rahisi kuisahihisha mtoto akiwa na miaka sita. Akiwa na miaka sabini ni safari. Na kama una mzee nyumbani asiyejua mwaka wake, usimcheke. Mwulize treni ilikuwa imefika au la, nani alikuwa amekufa, nani alikuwa anajenga. Kisha mwulize jina la mama yake, uliandike.